Majina ya Mifupa

Mtunga mashairi ana kilema cha kulitazama jina kabla ya kitu chenyewe. Nilipowachukua mke wangu na wajukuu wawili kutoka Mpanda hadi Arusha kuzuru Makumbusho ya Elimu Viumbe, nilisimama mlangoni kitambo nikiyapima maneno hayo. Ni jina jema. Mwanasarufi atauliza kiunganishi kimekwenda wapi, lakini mtoto huelewa papo hapo. Jengo ni boma la Wajerumani la mwaka 1900. Tangu 1987, palipojengwa ili kuwatiisha watu pamekuwa mahali pa kuwaelimisha.

Ndani, habari za chimbuko la binadamu ndizo zilizotushika, na hapo ndipo majina yalipoanza kunikera. Fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959 liliitwa Zinjanthropus boisei. Neno la kwanza lachukua Zinj, jina la kale la pwani yetu; la pili lamsifu Charles Boise, mfadhili wa uchimbaji. (Malenga wa zamani walisifu kwa malipo madogo zaidi.) Mjusi mkuu wa Tendaguru, Lindi, aliyefukuliwa kati ya 1909 na 1913 na sasa asimama Berlin, huitwa brancai, kwa heshima ya Branca, mkurugenzi wa makumbusho ya huko. Boheti bin Amrani, aliyewasimamia wachimbaji juani, alingojewa hadi 2007, ndipo mjusi mwingine wa Tendaguru akaitwa Australodocus bohetii.

Kwetu desturi ni nyingine. Katavi, hifadhi ya taifa tangu 1974, imejaa viboko, lakini haikuitwa kwa kiboko wala kwa mfadhili. Imechukua jina la Katabi, mzimu wa Wabende, awekewaye sadaka chini ya mkwaju. Mkwaju nao, katika vitabu vya wataalamu, ni Tamarindus indica: la kwanza latokana na Kiarabu, tende ya India, la pili larudia India, ilhali asili ya mti huo ni Afrika. Mwalimu awapelekaye wanafunzi makumbusho yafaa awaulize pia nani alitoa jina, na kwa nini.

Mjukuu mkubwa alikuwa na daftari lenye safu mbili, viumbe na mifupa. Njiani kurudi akaniuliza kama Katabi aandikwe. Bibi yake ndiye aliyemjibu: amwandike, ila safu ya mifupa aiache wazi.