Betty na Nakala Zake: Kurudia na Kubuni Katika Tamthilia za Televisheni

1. Lawama na kasoro yake

Lawama inayotolewa dhidi ya tamthilia za televisheni ni ile ile kila mwaka: hakuna jipya. Mifano haikosekani. Watazamaji wa Marekani walirudishiwa Hawaii Five-0 mwaka 2010, MacGyver mwaka 2016 na Magnum P.I. mwaka 2018, michezo ambayo wazazi wao walikwisha kuitazama. Hata Colombia, nchi iliyozoea kuuza hadithi zake ng'ambo, ilitengeneza upya mwaka 2021 Café con aroma de mujer, tamthilia yake ya mwaka 1994.

Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haimfikishi mhakiki mbali. Inahesabu hadithi zilizorudiwa, kisha inahukumu kwa hesabu hiyo tu. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hana budi kusita mbele ya kanuni ya namna hii, kwa kuwa ikifuatwa hadi mwisho itafagia sehemu kubwa ya urithi wake mwenyewe. Ngano za Sungura na Fisi zimesimuliwa mara zisizo na idadi, na bibi anayezisimulia hajapata kushitakiwa kwa kukosa ubunifu. Shakespeare naye alichota kutoka hadithi ya Kiitaliano alipotunga tamthilia yake ya Venisi. Na Julius Nyerere alipoitafsiri aliiita Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Anwani ya Kiingereza inamtaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere aliandika mabepari, kwa wingi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Kwa neno moja tu, tamthilia ya karne ya 16 ilifanywa ijibu swali la Tanzania ya Ujamaa.

Basi jambo la kuchunguza si kama hadithi imewahi kusimuliwa. Ni kama msimulizi wa leo ana swali lake mwenyewe la kuiuliza. Mfano unaofaa kwa uchunguzi huo ni Yo soy Betty, la fea, hadithi moja iliyonunuliwa na kutengenezwa upya katika nchi zaidi ya kumi.

2. Hadithi ya asili

Tamthilia hiyo ya Fernando Gaitán ilionyeshwa na RCN ya Colombia kuanzia mwaka 1999 hadi 2001. Beatriz Pinzón Solano ni msomi wa uchumi mwenye sifa za juu, lakini ana miwani mizito, vyuma vya meno na mavazi yaliyopitwa na wakati. Kwa sababu ya sura yake anaambulia kazi ya ukatibu katika Ecomoda, kampuni ya mavazi ya mitindo. Mkurugenzi Armando Mendoza anaitumbukiza kampuni katika madeni kwa tamaa yake ya kukuza faida haraka. Ili kuikinga, anamtaka Betty aunde kampuni ndogo kwa jina lake, na Ecomoda yote inawekwa rehani kwake. Ndipo Armando anapoingiwa na hofu: huyu karani akiamua kuondoka, je? Kwa ushauri wa rafiki yake anajifanya anampenda.

Watu wengi wanakumbuka miwani na vyuma vya meno. Hata hivyo, nguzo ya hadithi ni daftari la hesabu. Wanawake wa Ecomoda hupaka rangi nyuso zao, mabwana wake hupaka rangi taarifa za fedha, na anayejua rangi zote mbili ni yule asiyetazamwa na mtu. Kwa watazamaji wa Colombia, ambao uchumi wao ulianguka vibaya katika mwaka huo huo wa 1999, madeni hayo hayakuwa pambo la njama. Zaidi ya hayo, Betty si malaika. Yeye mwenyewe huandika taarifa za uongo zinazopelekwa mbele ya baraza la wakurugenzi, na huziandika akijua. Gaitán anamwonyesha mnyonge mwenye akili ambaye anashiriki katika hila ya wakubwa kwa sababu anapenda, na kwa sababu ni mara ya kwanza anahitajiwa.

Udhaifu wa kazi hii uko mwishoni. Betty anabadilishwa sura, kisha anaolewa na yule yule aliyemdanganya. Tamthilia iliyoanza kwa kuikejeli dunia inayopima watu kwa sura inamaliza kwa kumpa mhusika wake sura inayokubalika katika dunia hiyo.

3. Warithi

Baada ya mafanikio hayo wanunuzi walijipanga. India ilikuwa na Jassi Jaissi Koi Nahin mwaka 2003, Ujerumani Verliebt in Berlin mwaka 2005, Urusi Ne rodis krasivoy mwaka huo huo, Mexico La fea más bella mwaka 2006. Sababu ya biashara hii inaeleweka. Kutengeneza tamthilia ndefu ni kuhatarisha fedha nyingi kabla ya kujua kama hadhira itakuja. Anayenunua hadithi iliyokwisha kufaulu kwingine ananunua pia kitulizo cha hofu yake. Si dhambi, lakini ina matokeo: mhasibu wa kituo ndiye anayechagua hadithi, na mtunzi anaitwa baadaye ili aivike nguo za nyumbani.

La fea más bella ya Televisa yaonyesha hatari ya njia hiyo. Majina yamebadilika, kampuni imebadilika, lakini mpangilio wa matukio unamfuata Gaitán kwa karibu. Kilichoongezwa hasa ni kichekesho: ubaya wa sura umetiwa chumvi, na mikasa ya ofisini imeongezwa sauti. Daftari la hesabu bado limo, lakini limegeuka kuwa chombo cha kuwakutanisha wapenzi. Matukio yamehama kutoka Bogotá hadi Mexico; sababu yake haikuhama nayo.

Ugly Betty, iliyoonyeshwa na ABC ya Marekani kuanzia mwaka 2006 hadi 2010, ilithubutu zaidi. Betty Suarez ni binti wa familia yenye asili ya Mexico katika mtaa wa Queens, New York, na anafanya kazi katika jarida la mitindo. Hila ya kampuni ya uongo imeondolewa. Mahali pake pamewekwa karatasi ya aina nyingine, kwa kuwa baba yake, Ignacio, anaishi Marekani bila hati halali. Swali la Colombia lilikuwa: nani anatia sahihi kwa ajili ya madeni ya wakubwa? Swali la New York ni: nani ana haki ya kuhesabiwa kuwa mwenyeji? Hata mwisho umesahihishwa. Betty anakwenda London kuongoza jarida lake mwenyewe. Bosi wake wa zamani anamfuata huko, na hakuna arusi inayofunga hadithi.

Hii ni nakala inayostahili kuitwa utunzi. Hata hivyo imelipa gharama, na mhakiki asiifiche. Kwa kuliondoa daftari, Wamarekani walimwondolea Betty hatia yake. Betty wa Queens ni mwema tangu mwanzo hadi mwisho. Betty wa Bogotá alijua anachokiandika. Mtazamaji wa yule wa kwanza anamhurumia, mtazamaji wa yule wa pili analazimika kujiuliza kama yeye mwenyewe angekataa kutia sahihi.

4. Funzo kwa watunzi wa hapa

Lubumbashi haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa namna nyingine ya kurithi. Mwaka 1986 kundi la Mufwankolo lilitengeneza mchezo wa televisheni kutokana na methali isemayo kwamba mamlaka huliwa mazima, kazi ambayo Johannes Fabian aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1990. Waigizaji walipokea kitu ambacho hawakukibuni. Lakini kabla ya kukiigiza walijadiliana maana yake, wakapingana, wakapanga matukio, kisha wakasema kwa Kiswahili cha mji wao bila maandishi ya kukariri. Methali ilikuwa ya kale. Mabishano yalikuwa ya Lubumbashi ya wakati ule. Kundi hilo halikuwa na fedha za Televisa, lakini lilianza kazi pale ambapo Televisa haikufika.

Kwa hiyo, mtunzi wa Katanga atakayeletewa Betty ili amvike kitenge asianze na kitenge. Aanze na daftari. Sheria ya Februari 2017 iliweka kazi za ukandarasi mdogo mikononi mwa makampuni ambayo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani, na tangu hapo suala la wanaoazimisha majina yao kwa wenye fedha limekuwa likizungumzwa waziwazi. Katibu mwenye shahada ya uchumi, anayeombwa kutia sahihi kama mwenye kampuni asiyoimiliki, hana haja ya kutafsiriwa kutoka Kihispania. Hatia yake ingekuwa ya kweli, na hofu ya bosi wake pia. Tamthilia itakayomweka mbele ya karatasi hiyo, na kumwacha aamue huku hadhira ikimtazama, haitadaiwa uhalisi wake na mtu yeyote, hata kama njama yote imetoka Bogotá.