Nimeziona Namba za Barafu ya Kilimanjaro!

Jamani, zipo! Takwimu za barafu ya Kilimanjaro, iliyochimbwa mwaka 2000 na timu ya mwanasayansi wa barafu Lonnie Thompson, zimewekwa wazi kwenye hifadhi ya data ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, bure kabisa. Nimezifungua hapa hapa Korogwe, na usingizi umeniruka.

Uchimbaji wa barafu tumezoea kuusikia Antaktika. Dome C imetupa hewa ya miaka 800,000 iliyonaswa ndani ya barafu, na kwa jirani yake, Little Dome C, Januari 2025 watafiti wa Ulaya walifika kina cha mita 2,800 na kugusa barafu ya zaidi ya miaka milioni 1.2. Kazi ya kutisha! Lakini hii ni ya mlima wetu. Nguzo sita za barafu, ndefu zaidi zikiwa na mita kama 50, zilishushwa kutoka kileleni zikiwa zimeganda na kusafirishwa hadi kituo cha Byrd, Chuo Kikuu cha Ohio State, ambako huchunguzwa barafu za ncha za dunia.

Karibu na uso wa barafu watafiti walikuta alama ya bomu la haidrojeni lililolipuliwa na Marekani katika Pasifiki mwaka 1952. Hebu fikiria, Pasifiki hadi Kibo, kilele cha Kilimanjaro! Shuka hadi miaka kama 4,000 iliyopita: tabaka la vumbi linaloonekana kwa macho, ushahidi wa ukame mkali. Shuka tena, miaka kama 8,300 iliyopita, floraidi inapanda ghafla. Thompson anasoma hapo maziwa yaliyopungua maji, upepo ukapeperusha vumbi la kingo zake hadi kileleni. Kitako kabisa anakadiria miaka 11,700. Wapo wanasayansi wanaoubishia umri huo, na mabishano yao nayo ni matamu kuyafuatilia.

Kasoro? Maelezo ni ya Kiingereza na namba ziko tupu, bila mchoro. Chora mwenyewe, inalipa.

Kwa nini ituhusu? Mto Pangani unaopita Korogwe unaanzia Kilimanjaro na Meru, na mradi wa maji wa Handeni Trunk Main (HTM) huyavuta maji yake hadi Handeni. Maji hayo ni ya mvua na misitu zaidi kuliko barafu, lakini barafu ndiyo iliyotunza habari za nyakati mvua zilipokoma. Aliyewahi kupanga ndoo Handeni wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1912 barafu ya mlima ilikuwa kilomita za mraba kama 12. Mwaka 2000 zilibaki kama 2.6, na imeendelea kupungua. Walimu wa jiografia wa Handeni na Korogwe, pakueni namba hizi, wapeni wanafunzi wachore grafu, ibandikeni ukutani muhula huu huu.