Mnazi wa Nani? Kumfundisha Abdilatif Abdalla kama Mwanafikra

Utangulizi

Mwalimu anapoliandika ubaoni jina la shairi "Mnazi: Vuta N'kuvute", mara nyingi jibu hufika darasani kabla ya shairi lenyewe. Mnazi ni nchi ya Kenya. Aliye juu ni mtawala. Aliye chini ni mwananchi. Wanafunzi hunakili, hupiga mstari chini ya neno "jazanda", kisha darasa zima huhamia kwenye vina na mizani. Jibu hilo si la uongo. Kasoro yake ni kwamba linakomesha fikira pale ambapo shairi ndipo kwanza linaanza kufikiri.

Makala haya yanadai kwamba Abdilatif Abdalla ni mwanafikra wa siasa aliyewaza kwa ushairi, na kwamba tukimfundisha kama mfungwa aliyelalamika tu tunamnyima mtahiniwa sehemu kubwa ya diwani ya *Sauti ya Dhiki*. Tutayapitia maisha yake kwa muhtasari. Kisha tutalihakiki shairi la "Mnazi" tukiwa tumesimama Mambrui, ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, mahali ambapo mnazi ni mali, urithi na chanzo cha kesi kabla haujawa jazanda.

Maisha yake kwa muhtasari

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Alizaliwa katika ukoo ambao elimu ya dini, ushairi na siasa zililala chini ya paa moja. Nduguye mkubwa, Sheikh Abdilahi Nassir (1932–2022), alikuwa mwanasiasa wa Mwambao kabla ya uhuru na baadaye mwanachuoni mashuhuri. Ndugu mwingine, Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo, ndiye mwenye *Malenga wa Mvita* (1971) na utenzi maarufu kuhusu utu. Mlezi wake, Ahmad Basheikh Hussein, alikuwa mshairi pia. Mtoto aliyekulia hapo hakuhitaji kufundishwa kwamba shairi ni mahali pa kutolea hoja. Alilisikia likitumika hivyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa mfanyakazi wa Baraza la Manispaa ya Mombasa na mfuasi wa chama cha KPU, kilichoasisiwa mwaka 1966 chini ya Jaramogi Oginga Odinga. Mwaka 1968, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, karatasi za wagombea wa KPU zilikataliwa na wagombea wa KANU wakapita bila kupingwa. Mwaka huo huo Abdilatif aliandika karatasi ya siasa yenye jina la swali: *Kenya: Twendapi?* Alikamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, na kutoka Machi 1969 hadi Machi 1972 akawa kifungoni. Alikuwa hajatimiza miaka 23 alipohukumiwa. KPU nayo ilipigwa marufuku Oktoba 1969.

Mashairi ya *Sauti ya Dhiki* aliyatunga humo gerezani, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Diwani ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka 1974 ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Wakati huo Abdilatif alikuwa ameshaondoka Kenya. Alifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hadi 1979, kisha Idhaa ya Kiswahili ya BBC mjini London, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Kiswahili cha *Wema Hawajazaliwa*, riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana kuhusu ufisadi baada ya uhuru, ni chake (1976). Mtahiniwa aizingatie tafsiri hiyo: swali la mwaka 1968 lilikuwa bado linamfuata.

Mshairi na mwanafikra

Katika bara Hindi, msomaji hashangai kuambiwa kwamba Muhammad Iqbal (1877–1938) alikuwa mshairi, mwanafalsafa wa Kiislamu na mwanasiasa kwa wakati mmoja. Husomwa hivyo hivyo, bila kugawanywa. Sisi tuna desturi ya kugawanya. Mshairi tunampeleka kwenye somo la fasihi, mwanasiasa kwenye somo la historia, na Mwislamu kwenye somo la dini, kisha tunashangaa kwamba hakuna somo hata moja linalomweleza mtu mzima.

Ugawaji huo haukutoka Uswahilini. Muyaka bin Haji wa Mvita, katika karne ya 19, aliingia kwa mashairi katika mgogoro wa Mazrui na Sayyid Said wa Oman, na hakuna aliyemwambia arudi kwenye mapenzi. Abdilatif ni mrithi wa mila hiyo. Tena kitabu chake kingine, *Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa*, kilichapishwa mwaka 1971 mtunzi akiwa bado kifungoni. Walimu wengi hukitenga kitabu hicho kama cha dini na kukiita *Sauti ya Dhiki* cha siasa. Lakini aliyevitunga vyote viwili ni mtu mmoja. Kisa cha Adamu ni kisa cha binadamu aliyekabidhiwa dunia na kupewa mipaka. Hilo ndilo suala la msingi la siasa: nani amekabidhiwa nini, na mpaka wake ni upi?

Mnazi unaposomwa Mambrui

Katika "Mnazi: Vuta N'kuvute" ndugu wawili, Alii na Badi, wanaugombea mnazi. (Mtahiniwa asilichanganye na *Vuta N'kuvute*, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999.) Shairi ni la majibizano. Mmoja yuko juu ya mti na mwingine yuko chini. Kila mmoja anapewa nafasi ya kusema.

Sasa tulisome kwa macho ya kijana wa Mambrui. Kijana huyu anajua mambo matatu ambayo vitabu vya mwongozo havimwambii.

Kwanza, katika pwani yetu mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Mtu huweza kumiliki minazi iliyosimama katika shamba la mwingine. Mnazi huwekwa rehani, na mwenye kukopesha akaangua nazi mpaka deni lilipwe. Kwa hiyo swali "mnazi huu ni wa nani?" halina jibu jepesi. Ni wa aliyeupanda? Aliyeupalilia? Mwenye ardhi? Mwenye hati?

Pili, kijana huyu anaishi katika ukanda ambao historia ya ardhi ni jeraha. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye madai ya ardhi katika ukanda wa pwani ayathibitishe mbele ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi walibaki nje ya hesabu hiyo, wakawa maskwota katika mashamba waliyoyalima. Mwaka 1914, katika vita ambavyo jina la Mekatilili wa Menza halitengani navyo, Wagiriama waliamrishwa kuhama kaskazini ya Sabaki, yaani upande huu huu wa Mambrui. Tena skwota mara nyingi alizuiwa kupanda miti ya kudumu, kwa sababu mnazi ni ushahidi: aliyeupanda ana neno la kusema. Kwa msomaji wa hapa, kuugombea mnazi ni kugombea haki ya kuhesabiwa kuwa mwenyeji.

Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi kwa tahakiki, kijana huyu anamjua mkwezi. Mwongozo husema kwamba aliye juu ya mnazi ni mtawala, basi. Mambrui watu watauliza: aliye juu ni mwenye mnazi, au ni mkwezi? Mkwezi hupanda kwa ruhusa. Huangua kwa ajili ya walio chini, kisha huteremka na kupokea ujira wake. Hakuna mkwezi anayelala juu ya mti. Akianza kunywa madafu huko huko juu na kuwatupia wenziwe makumbi, kosa lake si kwamba amepanda. Kosa lake ni kwamba amesahau alipanda kwa niaba ya nani.

Maneno ya shairi hayamwiti aliye juu mkwezi. Ufasiri huu unatokana na mazingira ambamo jazanda ya mnazi ilizaliwa, na mtahiniwa anayeutumia sharti aseme hivyo. Hata hivyo unaafikiana na fikra inayojitokeza katika diwani nzima, kwamba madaraka ni amana. Neno "amana" ni la dini kabla ya kuwa la siasa: kitu cha mwenyewe kilicho mikononi mwako, ambacho utaulizwa. Mtawala kwa mtazamo huo hamiliki nchi. KPU ilipodai kwamba ardhi iwafikie wasio nayo, ilidai kwa lugha ya vyama vya siasa. Mshairi anapoirudisha hoja hiyo kwenye mnazi na ndugu wawili, anaiuliza kwa lugha ambayo bibi asiyejua kusoma anaweza kuijadili.

Tuangalie pia muundo. Katika ngonjera za shule, mtindo uliosambazwa sana Tanzania na Mathias Mnyampala (1917–1969), asiyejua huelimishwa na mwishowe hukubali. Jina la shairi hili linatoa onyo mapema kwamba hapa mambo ni vuta nikuvute. Mshairi hakumweka mtu wa tatu wa kukata shauri. Kiti cha hakimu kimeachwa wazi, na anayeketi humo ni msomaji. Mwalimu anayekimbilia kusema "Alii ana haki, Badi ni dhalimu" anaketi katika kiti hicho kwa niaba ya darasa zima. Heri amwachie mwanafunzi azitafute hoja ubeti kwa ubeti: ni ipi inayojengwa juu ya jasho, ni ipi juu ya undugu, na ni ipi isiyo na msingi ila kwamba msemaji ameshapanda?

Jina kama msimamo

Majina ya mashairi mengine yanaonyesha kwamba mtunzi hakuwa akilia tu. "N'shishiyelo ni Lilo" maana yake ni kwamba nililolishika ni lile lile. "Siwati" ni siachi. "Kuno Kunena" ni huku kusema kwenyewe, ambako ndiko kulikomtia matatani. Katika mila ya Kiislamu, neno la haki mbele ya mtawala dhalimu huhesabiwa miongoni mwa jihadi zilizo bora. Anayesema "siwati" kutoka gerezani anasimama katika mila hiyo, na hazungumzii maumivu yake peke yake. "Mamba" na "Jipu" nayo yanauchunguza ubabe: mwenye nguvu anayetisha, na uvimbe usioweza kufichwa milele.

Hapa lahaja isichukuliwe kama kosa wala pambo. Wapo wanaofundisha "kuwata" kama neno la kusahihishwa liwe "kuacha". Mtahiniwa aandike kwamba mshairi ametumia Kimvita, kisha aongeze sababu: anatoa hoja kwa lugha ya nyumbani, akiwa mbali na nyumbani kwa nguvu. Sehemu ya pili ya jibu ndiyo inayoonyesha kwamba mtahiniwa amesoma.

Tahadhari

Kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kulifanya kila shairi la diwani kuwa fumbo la KANU na KPU. Diwani ina mashairi ya maadili na ya familia pia, na shairi lisibebeshwe lisichoweza kukibeba. Ya pili ni kuyafanya maisha ya mtunzi yawe ushahidi wa kila kitu. Kwamba alifungwa ni kweli, lakini kufungwa hakumfanyi mtu awe na hoja nzuri. Hoja zake zipimwe. Je, madai ya aliye chini hayana udhaifu wowote? Akiteremka huyu na kupanda yule, je, mnazi utakuwa umegawanywa au umebadilishiwa mpandaji tu? Anayeuliza hivyo amemheshimu mshairi kuliko anayemsifu.

Hitimisho

Swali la *Kenya: Twendapi?* lilikuwa na alama ya kuuliza, na mtu alifungwa miaka 3 kwa sababu ya kuuliza. Ni dhuluma nyingine ndogo kumfundisha mtu huyo kwa majibu yaliyokwisha andaliwa. Watoto wa pwani hii, wanaojua bei ya nazi na kisa cha hati ya shamba la babu, wana ujuzi ambao shairi la "Mnazi" linauhitaji. Wanauacha mlangoni wanapoingia darasani kwa sababu wameambiwa mtihani hauutaki. Mtihani hutaka ushahidi kutoka kwenye shairi, na ujuzi huo ndio unaoufungua ushahidi.

Maswali ya mjadala

1. "Katika 'Mnazi: Vuta N'kuvute', hakimu ni msomaji." Jadili ukirejelea hoja za Alii na za Badi.
2. Dhana ya amana inajitokeza vipi katika mashairi mawili ya *Sauti ya Dhiki*?
3. Eleza jinsi matumizi ya Kimvita yanavyojenga msimamo wa nafsineni katika shairi lolote la diwani hii.