OpenOffice imebaki jina, nani amwambie mtumiaji?

Juzi nilienda kuprinti ripoti steshenari moja jirani na Soko la Kilombero, hapa Arusha. Kompyuta yao ina OpenOffice ya zamani mno. Nikamuuliza dada wa kaunta mbona hamjaibadilisha. "Si inafungua, kaka? Ina shida gani?"

Shida ipo. OpenOffice ni programu huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuusoma msimbo wake na kuurekebisha. Ila haijirekebishi yenyewe. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, watengenezaji wengi walijitoa wakaanzisha LibreOffice. Mwaka uliofuata OpenOffice ikakabidhiwa kwa taasisi ya Apache. Jina lilibaki, watu wakapungua.

Matokeo yake yalionekana Julai 2016. Likatangazwa tundu la usalama: faili la slaidi lililochezewa lingeweza kuvuruga kumbukumbu ya kompyuta, pengine hata kumfungulia mlango mhalifu. Toleo lililorekebishwa, 4.1.3, lilitoka Oktoba! Kabla yake kulikuwa na kiraka cha kupachika kwa mkono, kitu ambacho dada wa kaunta hawezi kukijua.

Septemba hiyohiyo mwenyekiti wa mradi, Dennis Hamilton, alieleza kwa maandishi kustaafisha OpenOffice kungehusisha nini: msimbo uhifadhiwe wapi, jina lifanyweje, watumiaji waambiwe nini. Kuna waliokasirika. Mimi naona ndiye aliyewaheshimu watumiaji. Apache wana hadi stoo ya miradi iliyostaafu, Attic, tangu 2008, kwa hiyo njia ilikuwepo. Hawakuifuata. Toleo 4.1 ni la 2014, na tangu hapo ni marekebisho madogomadogo ya hiyohiyo 4.1, huku jina kubwa likiendelea kuvuta watu wapya.

Na sisi tumo. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux pamoja na IT+46 ya Sweden, kilizindua Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Jamani, ile ilikuwa kazi! Maelfu ya maneno ya menyu, kila moja lahitaji uamuzi. Nimewauliza wenzangu hapa Tengeru, hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia. Programu yenyewe sidai irudi. Ninachotaka ni zile istilahi, ziwekwe mahali pamoja zenye tarehe na mlinzi, ili anayetafsiri leo asianze na sifuri.

Dada nilimwachia flashi yenye LibreOffice. Bosi wake hajakubali mashine iguswe.