Jinsi Mwendo wa Miji 11 Ulivyorejea Barafuni

Tarehe 18 Januari 1963, katika jimbo la Friesland, kaskazini ya Uholanzi, watu waliozidi 9,000 walivaa viatu vyenye makali ya chuma wakashuka juu ya barafu mjini Leeuwarden, kwa azma ya kuizunguka miji 11 ya jimbo hilo kwa njia ya mifereji na maziwa, masafa ya takriban kilomita 200, na kurejea kabla ya saa sita ya usiku. Na kwa jinsi baridi ilivyokuwa kali, theluji ya unga ikiifunika njia na upepo wa kaskazini mashariki ukiwapiga usoni, waliomaliza miongoni mwao, ukiwaacha kando washindani wa mbio, walikuwa 69 tu. Baada ya siku hiyo Elfstedentocht, maana ndilo jina la mwendo huo ulioanzishwa 1909, haukufanyika tena kwa miaka 22. Uliporejea, tarehe 21 Februari 1985, walioingia barafuni walikuwa takriban 16,000, na mshindi wa mbio, Evert van Benthem, alitumia saa 6 na dakika 47, ilhali Reinier Paping, mshindi wa 1963, alikuwa ametumia saa 10 na dakika 59.

Wako wanaozitazama saa hizo mbili wakahukumu kwamba vijana wa 1985 waliwapita baba zao kwa nguvu. Siafiki. Paping alikwenda peke yake sehemu kubwa ya nusu ya pili, akipasua upepo bila ya mwenzi wa kumkinga, juu ya barafu iliyofunikwa na theluji. Van Benthem alifika ukingoni mwa mwisho pamoja na kundi dogo, akawashinda kwa kasi ya hatua za mwisho, na katika kundi watu hupokezana mahali pa mbele ili upepo usimchoshe mmoja. Fauka ya hayo, mwishoni mwa Februari mchana wa Friesland huzidi ule wa katikati ya Januari kwa takriban saa mbili, na kwa mtu wa kawaida aliyeondoka alfajiri, saa mbili za nuru ni neema kubwa, kwani ufa wa barafu hauonekani gizani.

Jambo la kuchunguza, basi, ni namna mchezo uliokosa uwanja kwa miaka 22 ulivyoweza kusimama tena kwa muda wa siku chache. Na jawabu ni kwamba ulirejeshwa na maarifa yaliyotunzwa zaidi kuliko na baridi yenyewe. Barafu ya mfereji ina tabia zake. Maji huwa mazito kabisa yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo maji ya juu yanapopoa huzama, na hayo mengine hupanda, mpaka mfereji wote upoe; hapo tu ndipo uso unapoweza kuganda. Tangu hapo barafu hukua kwa kwenda chini, na joto la maji halina budi kutoka kwa kupitia barafu ile ile, hata ikawa kila sentimita inayopatikana huichelewesha ile inayofuata. Theluji ikiangukia juu yake huwa kama blanketi, ikazuia baridi isipenye. Sharti la chama cha mwendo huu ni unene wa sentimita 15 njia nzima, na hilo neno “nzima” ndilo lenye taabu: chini ya madaraja barafu huwa nyembamba, penye bata wengi maji hukataa kuganda, na katika maziwa mapana kama Slotermeer upepo huyatikisa maji hata baada ya mifereji kushika.

Kwa sababu hiyo njia imegawanywa baina ya wakuu wa vipande, kila mmoja akiwa na dhamana ya sehemu yake. Hutoboa barafu, hupima, hupeleka habari kwa mwenyekiti. Ni watu wa pale pale, wanaojua kona gani ina mkondo na daraja gani huponza. Mitambo ya kusukuma maji husimamishwa, na vyombo hukatazwa kupita, ili barafu isivunjwe ingali changa. Nahodha ashonaye tanga katika majira asiyosafiri angewaelewa watu hawa, waliodumisha kazi ya matayarisho katika majira mengi yasiyo na mwendo wowote.

Mwaka 1985 kuyeyuka kulikwisha anza, na palipokuwa na barafu mbovu walitandika mazulia ukingoni, wateleza wakapanda nchi kavu wakikimbia juu yake na viatu vyao vya makali, kisha wakashuka tena mbele. Hilo si jambo dogo: makali yakigusa mchanga hupoteza ukali wake, na mwenye kujua kukanyaga kwa hadhari humwacha nyuma aliye na pumzi zaidi.

Ama miili ya washindani, yenyewe ilikuwa imepata pa kujifunzia. Kiwanja cha barafu ya mitambo cha Thialf, mjini Heerenveen, kilifunguliwa 1967, na katika miaka ya 1970 mbio ndefu za viwanjani zikawa mchezo wenye ratiba yake. Van Benthem, mkulima wa ng'ombe wa maziwa, alikuwa mtoto asiyetimiza miaka 5 Paping aliposhinda. Asingeliweza kuujua mwendo huo kwa kuupitia, lakini kuteleza kwa masafa marefu alikwisha kuzoea.

Mwaka uliofuata, tarehe 26 Februari 1986, alishinda tena. Tangu 1989 Waholanzi wasiotaka kungoja husafiri hadi ziwa la Weissensee, Austria, wakateleza kilomita 200 huko. Ni mchezo mzuri, ingawa haupiti mji hata mmoja wa Friesland. Kule nyumbani mwendo ulifanyika mara moja tu zaidi, tarehe 4 Januari 1997, Henk Angenent akishinda kwa saa 6 na dakika 49. Mwezi Februari 2012 wakuu wa vipande walipima wakaona kusini mwa njia hapatoshi, mwendo ukakataliwa. Na kwa maoni yangu walifanya haki.