Nguo Isiyo na Jina



Mwaka 1951 Waingereza walifanya maonyesho makubwa mjini London, na viwanda 28 vikatoa vitambaa, karatasi za ukutani na vyombo vyenye nakshi ngeni. Nakshi hizo hazikutokana na maua wala ndege, bali na picha walizopata wataalamu kwa kupitisha mionzi ya eksirei katika fuwele. Aliyetoa shauri hilo ni Bibi Helen Megaw, mtaalamu wa fuwele. Mojawapo ilikuwa nakshi ya himoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake.

Nazisifu. Hamna humo sura ya mtu wala mnyama. Mna duara na mistari inayorudiarudia kwa mizani, na mwenye akili huiona humo kudura ya Mola.

Lakini zina kasoro moja: hazikusema. Mtu aliipamba nyumba yake kwa damu asijue kuwa ni damu. Mtume (S.A.W.) aliivua nguo ambayo nakshi zake zilimshughulisha katika Sala. Basi nakshi haikosi kusema na moyo. Swali ni yasema nini. Kanga yetu ina pindo, mji na jina, na jina ndilo ulimi wake. Mama wa pwani hanunui kanga asiyoisoma.

Utauliza, kunyamaza kwa nguo kuna hasara gani? Jibu liko Dodoma. Katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, tangu 2023, watoto wenye selimundu hupandikizwa uloto. Selimundu ni hiyo hiyo himoglobini iliyoingia kasoro: chembe ya damu hujipinda kama mundu, ikaziba mishipa, na mtoto akalia usiku kucha kwa maumivu. Baba na mama wakiwa wote wawili wameibeba asili yake, nao wenyewe wazima, kila mimba ina hatari moja katika nne. Tiba ile ni nzito na ya gharama. Kupima damu ni jambo jepesi.

Basi mchoraji akitaka kuitia damu katika kanga, na aitie, ila asisahau jina: "Tupime damu kabla ya nikaha." Kanga hiyo itaingia katika sanduku la bibi arusi, na itasema faraghani yale tunayoona haya kuyasema barazani. Hapo ndipo urembo utakapokuwa nasaha.