Sitiari na Istiara: Neno Moja au Mawili?

Mwalimu anayefundisha tamathali za semi hukutana mapema na maneno sitiari na istiara, wala vitabu alivyo navyo havipatani juu yake. Katika baadhi ya vitabu hivyo maneno haya ni visawe: yote mawili ni kukiita kitu kwa jina la kitu kingine bila ya neno la kulinganisha, kama kusema "Juma ni simba". Katika vingine, sitiari pekee ndiyo yenye maana hiyo, na istiara ni hadithi nzima ambayo chini yake imefichwa hadithi nyingine, kama Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), au Shamba la Wanyama, tafsiri ya F. Kawegere (1967) ya riwaya ya George Orwell. Mtahiniwa aliyefundishwa kwa kitabu cha kwanza, karatasi yake ikasahihishwa na mwenye kufuata cha pili, hupoteza alama kwa jibu ambalo mwalimu wake alilipigia vema.

Asili haituamulii. Maneno yote mawili yametoka katika neno moja la Kiarabu lenye maana ya kuazima. Moja limefupishwa tu ulimini. Wako wasemao kwamba, maadamu asili ni moja, maana nayo ibaki moja. Sisi hatuoni hivyo. Dhana ni mbili, na lugha imekwisha kujipatia maneno mawili. Kuyarudisha kuwa visawe ni kukitupa chombo kilichomo mkononi, kisha kuanza kutafuta kingine. Mpaka fasili moja ikubaliwe, watungaji wa mitihani hawana budi kuiandika fasili wanayoifuata ndani ya swali lenyewe.

Visawe peke yake si kosa. Chuku na mubalagha hubeba dhana moja, na hakuna anayedhurika, ingawa sisi tunapenda zaidi chuku: ni pembe ya kuumikia, ivutayo ngozi ikafura, na asikiaye "kupiga chuku" hahitaji kamusi.

Kinaya ndilo neno gumu zaidi. Darasani leo ni usemi au tukio lililo kinyume cha linalotarajiwa. Katika balagha ya Kiarabu, lilikotoka, ni kudokeza jambo kwa kutaja linaloandamana nalo: mkarimu huitwa "mwenye majivu mengi", kwa kuwa meko yake hayapoi kwa wingi wa wageni. Hapana kinyume chochote hapo. Mfasiri wa kitabu cha balagha akiliacha neno kama lilivyo, msomaji wetu atadhani mkarimu huyo anakejeliwa. Hatupendekezi kuliondoa, kwani limekwisha kukaa katika maana yake mpya; mfasiri aieleze dhana ya Kiarabu kwa sentensi nzima, hata kama ukurasa utarefuka.